Paka wa Idd

Kisumu,
wiki mbili baada ya Idd

Mamangu kipenzi,

Shikamoo. Na wewe Baba, shikamoo mara mbili: moja ya uzazi na moja ya kazi ya kusoma. Najua karatasi hii imo mikononi mwako, miwani iko kwenye ncha ya pua, na Mama ameegemea mto wake wa sufi akikwambia, "Soma polepole, wala usiruke." Usiruke, Baba. Leo nakuomba hilo kuliko siku zote.

Goti lako, Mama, linasemaje? Yale mafuta ya kuchua unayatumia, au umeyafungia kabatini yawangoje wageni? Nakujua. Na macho je? Baba, kikohozi? Kaka Hamisi ameniambia umeacha kutoka barazani asubuhi kwa ajili ya umande, na hilo limenitia wasiwasi, maana wewe bila baraza ni kisu bila kinoo. Vaeni sweta nilizotuma. Hata kama Vanga hakuna baridi, vaeni, nifurahi.

Mimi mzima. Nimekonda kidogo, na kabla hamjasema neno, si njaa. Samaki hapa ni wengi hata paka hawana haja ya kuiba. Ila wanawapika kwa nyanya na chumvi, basi. Siku moja nilimwomba mama mwenye nyumba ninamopanga nimtilie nazi sufuriani. Alionja, akatafakari, akaniambia, "Hii ni tamu, lakini ni kama uji." Bado wananiita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa. Nimewaambia mara mia kwetu ni Vanga, lakini kwao yeyote anayesema "hujambo" akamaanisha, huyo katoka Mombasa.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Mama, nilipopiga siku ya pili ya Idd, hukunigombeza. Ungenigombeza ningeshukuru. Ulisema tu, "Sahani moja ilikaa," ukampa Baba simu. Baba akacheka, akasema mwaka huu nyama ilikuwa nyingi hata sahani moja ikalala chini ya kawa. Mimi sikucheka. Wewe na mimi tunajua ni sahani ipi, na ni nani aliyekaa mlangoni kuingoja. Tangu nina miaka minane sijakosa Idd Kubwa nyumbani, mimi mliyeniita Mwanaidi kwa kuwa nilizaliwa takbira zikisikika msikitini. Idd hii niliyoikosa imemwacha mtu mmoja akidhani amesahauliwa, na hilo linaniuma kuliko goti lako linavyokuuma. Basi nataka mjue nilikuwa wapi, kisha nina ombi. Endelea, Baba, usisite.

Kazi yangu mnaijua na hamuijui. Wewe huwaambia wenzako barazani kuwa mimi ni daktari wa ng'ombe, nao hucheka, wakauliza ng'ombe huonyesha wapi panapomuuma. Ukweli ni kwamba siku hizi naona watu zaidi ya ng'ombe. Nafuatilia maradhi ya mifugo yanayoingia kwa watu kwa njia ya nyama na maziwa: yametoka boma gani, yamepita mikono ya nani, yameishia chungu cha nani. Nina dodoso, karatasi nne za maswali niliyoyatunga mwenyewe na kujisifu nayo. Na nina Ouko, afisa mifugo ninayezunguka naye, mtu wa Bondo, mrefu, mpole, anayenitafsiria Kijaluo na kunicheka kwa Kiswahili.

Siku tatu kabla ya Idd, tikiti ya basi ikiwa tayari mkobani, tuliitwa Pap Onditi, kule Nyakach. Katika boma la mama mmoja mjane, Mama Risper, ng'ombe wa maziwa alikuwa ameanguka ghafla siku tano nyuma. Mwanawe mkubwa, Odhiambo, ndiye aliyemchuna na kumkata. Sasa alikuwa na kidonda mkononi, katikati cheusi kama kaa la moto lililozimika, pembeni kimevimba, na ajabu yake hakimuumi. Baba, najua swali lako la kwanza ni damu. Na langu lilikuwa hilohilo.

"Damu ilikuwa ya maji tu," Odhiambo aliniambia. "Haikushika kabisa, daktari. Nilishangaa."

Ulinifundisha wewe, ukinionyesha kwa ncha ya kisu: damu isiyoganda, mwache mnyama, ondoka, nawa. Kilikuwa ni kimeta. Kimeta hakiogopi jiko wala jua. Vijidudu vyake hujifunga kama mbegu, vikakaa katika nyama iliyokaushwa au katika udongo, vikingoja. Anayekishika hupata kidonda kama kile. Anayekila huugua tumboni, na hapo akichelewa kupata dawa, mara nyingi hapatikani tena.

Msiwaseme vibaya. Kwetu tunalo neno nyamafu, mnyama aliyejifia, nalo limetufungia mlango tangu utotoni. Pale ng'ombe alianguka wakati wa kukamuliwa, na Odhiambo akakimbia na kisu amuwahi asife bure. Alikuwa ng'ombe mmoja na midomo ni mingi. Ningezaliwa boma lile, huenda mimi ndiye ningemshikia miguu.

Nikatoa dodoso langu. Nyama iliuzwa kwa nani? Hakuna. Iliuzwa sokoni au nyumbani? Hakuna. Mchinjaji gani aliinunua? Hakuna. Ouko aliandika "hakuna" mpaka kalamu ikachoka. Kwa mujibu wa karatasi zangu, ng'ombe mzima aliliwa na watu sita kwa siku tano, na jikoni umebaki mfupa mmoja. Mama, ng'ombe mzima! Wala hawakuwa wakinidanganya. Kila jibu lilikuwa la kweli. Swali ndilo lililokuwa la kijinga.

Nikaliweka dodoso chini ya paja, nikakaa mkekani karibu na Mama Risper aliyekuwa akichambua mboga, nikaanza kumsaidia. Nikamsimulia habari zako. Nikamwambia kwetu siku ya Idd mama yangu hupanga sahani saba kwenye sinia: ya imamu, ya jirani wa kulia, ya jirani wa kushoto, ya mkunga aliyenizalisha, ya wakwe wa Hamisi, ya mjane wa mtaa wa pili, na ya yule mwalimu asiyekuwa na mtu. Nikamwambia sahani haikosei mlango, na mimi ndiye mbebaji. Ouko alikuwa akitafsiri, na uso wa yule mama ukaanza kufunguka.

"Aa, yawa!" akacheka, akanipiga begani na konzi ya mboga. "Kumbe unauliza kugawa! Wewe uliuliza kuuza. Nani anauza ng'ombe ya boma?"

Akazitaja sehemu zote bila kusita, kama wewe, Mama, unavyozitaja sahani zako. "Kidari ilienda kwa ndugu ya marehemu mzee, hapo juu. Shingo ni ya wajomba. Mgongo ni ya dada ya mzee, huyo lazima apewe, asipopewa ataongea mwaka mzima. Miguu ya mbele tulipatia wamama wa kanisa, wale walikuja kutuombea. Mguu ya nyuma, bibi ya kakake mzee, kwa sababu alinisaidia na matanga. Ingine tukakausha, ikawa aliya." Aliya ndiyo nyama yao ya kukausha juani.

Milango mitano. Ouko alikuwa ameshasimama na funguo za pikapu mkononi. Lakini mimi ni binti wa mchinjaji. Ulinifundisha, Baba, kumhesabu mnyama kabla sijajua kuhesabu siku za wiki: kichwa, shingo, kidari, mbavu, mgongo, miguu minne, matumbo. Nikahesabu. Mbavu na matumbo, walisema, walikula wenyewe. Kichwa kilizikwa. Miguu ya mbele miwili, wa nyuma mmoja.

"Mama, na mguu wa nyuma wa pili?"

Akaacha kuchambua. Akatupa jicho, mara moja tu, upande wa Odhiambo aliyekuwa kitini na bandeji yake akingoja gari la kumpeleka hospitali.

"Hiyo ilichukuliwa na mbwa," akasema.

"Mguu mzima?"

"Mbwa ya hapa ni kubwa, daktari."

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala uvungu wa ghala, mbavu zinahesabika, hazidi mwanambuzi. Odhiambo akaongeza kwa hasira, "Hata mimi nilimtafuta na fimbo, siku mzima."

Hapa niliweka kalamu chini, wazazi wangu, nikatoka kwenda kununua maandazi ambayo sikuyala. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza niliruka hapa, nikasema tu "kwa bahati tukajua." Nikaichana. Kama ningekuwa na aibu ya kusema ukweli kwa wazazi wangu, nisingekuwa na uso wa kuudai kwa mjane wa watu.

Baba, kila Idd Kubwa, tangu nina akili, ukishachinja na kukata, ukarudi kutoka kuoga, unalitazama sinia na kuuliza, "Na paja la pili liko wapi?" Na Mama anasema, "Paka." Wewe unatikisa kichwa unasema nyumba hii ina paka mwizi. Baba, sisi hatujawahi kufuga paka.

Ile ilikuwa sahani ya nane. Mama alikuwa akiifunga kwa kitambaa, akanipa niiweke chini ya kanga, nipitie mlango wa uani, nyuma ya kisima, mpaka kwa Shangazi Rukia. Nilipewa kazi hiyo nikiwa na miaka minane, mwaka ule ule wewe na yeye mlipogombana juu ya shamba la minazi la babu, ukaapa hatokula chako na wewe hutokula chake. Minazi yenyewe ilikwisha kufa kitambo. Kilichobaki kinazaa ni ugomvi tu. Mama, nisamehe kwa kuitoa siri yako mbele ya msomaji wako. Najua sasa hivi unajifanya umesinzia.

Basi nilipoambiwa mbwa, nilijua. Wala sikuhitaji maabara.

Nikamfuata Mama Risper jikoni, nikijisingizia kutaka maji. Kuni zilikuwa zikifuka, sote wawili tulikuwa tukilengwa na machozi kabla ya neno lolote. Nikamuuliza taratibu, "Mama, huyo mbwa anaitwa nani?"

Akasukuma kuni ndani. Kisha akasema, "Achieng'." Akajifuta kwa ncha ya leso.

Achieng' ni bintiye wa mwisho. Miaka mitatu nyuma alikwenda kuishi na kijana mmoja Kisumu bila wazee kukutana, na Odhiambo, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba yao afe, akatangaza kuwa hatapewa kitu cha pale, hata kipande cha nyama, mpaka mume aje kujitambulisha kwa watu. Mama Risper hakubisha mbele yake. Aliukausha ule mguu nyuma ya jiko, akaufunga kwenye gunia la mboga, akampa mama mmoja anayepeleka mboga Kisumu.

"Nilidhani jua imeua hiyo ugonjwa," aliniambia. "Leo nimesikia wewe ukisema hapana, na nikaona siwezi kusema mbele ya huyu kijana. Daktari, kama mtoto yangu amekula, ni mimi nimemuua."

Nikamwambia tutampata. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na sikuwa nayo.

Ile milango mitano, tukianzia boma lenyewe, tuliimaliza siku hiyo hiyo, pamoja na watu wa afya na dawa zao. Nyama iliyobakia tuliichoma shimoni, na masalia ya ng'ombe tukayafukia kwa chokaa. Dada wa marehemu mzee alilalamika kwamba tunamnyang'anya mgongo wake wa haki. Lakini wa sita hatukumpata. Mama Risper hakuwa na namba mpya ya bintiye. Alijua tu anakaa Manyatta, na Manyatta si kijiji, Mama: ukiuliza Achieng' utaletewa kumi. Mbeba mboga naye alikuwa amekwenda kwao kuuguza, simu yake haishiki. Tulizunguka siku mbili, mimi na Ouko, tukiuliza kwa wauza mboga, wasusi na waendesha bodaboda. Basi langu la Mombasa liliondoka na kiti changu kitupu.

Asubuhi ya Idd nilisali na wenzangu mjini, nikatoka kabla hotuba haijesha, Mungu anisamehe. Nje ya msikiti watu walikuwa wakikumbatiana, na Ouko ananipigia honi. Yule mama wa mboga alikuwa amepatikana, ametuelekeza nyumba.

Achieng' hukaanga samaki kando ya barabara. Chumba chake ni kimoja, safi, na pazia la maua. Nilipoingia tu niliiona: ile nyama imening'inizwa kwa kamba karibu na dirisha, haijakatwa. Nilitaka kukaa chini pale pale kwa kushukuru. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, mikono imejaa unga wa kukaangia samaki, kisha akaenda akasimama kati yangu na dirisha.

"Sikupi," akasema.

Ouko akamweleza kwa Kijaluo, kirefu. Akatikisa kichwa.

"Nimeelewa, si ati sijaelewa. Miaka tatu, daktari. Miaka tatu hakuna mtu wa kwetu amenitafuta. Hiki ndio kitu ya kwanza mama amenitumia. Nilikuwa naiwekea mzee wangu arudi kutoka kazi, tuikule pamoja Jumapili, nimwambie unaona, kwetu hawajanitupa. Sasa unataka nikupe uichome?"

Ningeweza kuita watu wa kata waje na sheria yao, na wangeichukua. Lakini nilimwangalia amesimama pale, nikamwona Shangazi Rukia anavyoipokea ile sahani kwa mikono miwili na kuinusa kwanza kabla ya kuifunua. Nilijua siichukui nyama tu.

Nikampigia Mama Risper. Alikuwa hospitalini mjini, kando ya kitanda cha Odhiambo. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo simu huiweka sauti kubwa, na sote tulijua kuwa kila neno linasikika kitandani pia. Nikamwambia nimempata bintiye, mzima, hajala, lakini hataki kuitoa. Nilimwacha achague. Angeweza kusema binti yupi, nyama ipi. Mbwa alikuwa bado yupo.

Nikasikia vyombo vya hospitali vikigongana. Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake, hata mimi nikaelewa: "Kik icham ring'ono, nyara. Bi dala."

Usile hiyo nyama, binti yangu. Njoo nyumbani.

Achieng' akajifunika uso kwa aproni yake ya samaki. Na kwenye simu ikasikika sauti nyingine, nzito, ya mtu mgonjwa aliyeshangaa.

"Mama. Si ulisema ni mbwa?"

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni Achieng' ndani ya aproni. Alikuwa akilia, na kilio kikageuka kicheko, kikashika huku na huko, mpaka nikamsikia Odhiambo akikohoa kwa kucheka na muuguzi akimkataza. Alipotulia akasema, "Achieng', patia daktari hiyo nyama. Mimi nimeona mkono yangu. Yako itakuja, na si ya kufichwa."

Akaifungua kamba mwenyewe. Watu wa afya wakampa dawa, yeye na mumewe, kwa kuwa walikuwa wameishika. Mimi nikatoka nayo kwenye mfuko wa plastiki, na Ouko akanifungulia mlango wa pikapu kwa adabu nyingi kama bi harusi.

"Daktari, leo si ndiyo sikukuu yenu ya kupeana nyama?"

"Ndiyo."

"Na wewe unanyang'anya watu."

Ndivyo nilivyoifanya Idd, wazazi wangu. Nyinyi mlikuwa mkigawa, mimi nilikuwa nikikusanya. Tuliichoma, moshi ukaniingia machoni, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku nililia hadharani bila kujali nani ananiona. Niliwatamani. Niliutamani ule ukumbi wetu wenye harufu ya pilau na sauti ya Baba akinoa kisu.

Kesho yake nilikwenda hospitali kuchukua sampuli. Nilimkuta Achieng' ameleta uji kwenye chupa ya chai, anamnywesha nduguye, maana mkono mmoja haufanyi kazi. Odhiambo akalalamika, "Uji haina sukari." Akajibiwa, "Kaa nayo hivyo." Nikajua atapona, na amepona. Watu wa ile milango mitano wazima wote. Ng'ombe wa jirani wamechanjwa. Dodoso nimelichana na kuandika jingine, na Ouko anashikilia niweke swali hili: "Mbwa alikula kiasi gani?" Anadhani anatania. Nimeliweka.

Jumamosi iliyopita walituita Pap Onditi. Mume wa Achieng' alikuja na watu wake, amevaa tai, anairekebisha kila mara. Walichinja mbuzi, na Baba, kabla hajapikwa nilimkagua mwenyewe, ini, mapafu, tezi, kama ulivyonifundisha, na wazee wakinitazama. Kisha Mama Risper akaukata mguu wa nyuma, akauinua watu wote wauone, akampa Achieng' mkononi. Wakati wa kuagana alinishika mikono. Nilikuwa nimemsimulia, siku ile jikoni, habari ya paka wetu.

"Daktari," aliniambia, "ambia mama yako asiseme paka tena. Inachosha."

Sasa ombi langu. Baba, kwetu sahani hairudi tupu. Ile ya Shangazi Rukia nilikuwa nikiirudisha kesho yake na visheti, na Mama akiviweka mezani bila kusema vimetoka wapi. Wewe ulikuwa ukivila vyote. Mwaka mmoja ulisema, "Visheti hivi ni kama vya marehemu mama," ukanyamaza siku nzima. Wewe mchinjaji wa miaka arubaini, unayejua uzito wa paja kwa kulitazama tu, uliamini kweli kuwa ni paka? Nadhani ulijua, Baba. Nadhani ulikuwa ukiuliza kila mwaka ili usikie kuwa bado inakwenda. Kama nimekosea, nisamehe, lakini sidhani.

Mwaka huu haikwenda. Shangazi ana sukari, miguu inamvimba, anaishi peke yake. Hajui kuwa mbebaji alikuwa Manyatta anagombania nyama ya watu. Yeye anajua tu kuwa Idd imepita na mlango wa uani haukugongwa.

Nisalimieni Kaka Hamisi, na mkewe, wifi yangu, mwambieni kitambaa chake nimekipata. Msalimieni imamu wetu, na bibi mkunga, mwambieni yule mtoto aliyemtoa kwa shida bado anasumbua watu. Msalimieni mwalimu, na majirani wa kulia na kushoto, kila mmoja kwa mlango wake. Ouko anawasalimu, anasema siku moja atakuja aone huo uji wa nazi.

Salamu za mwisho ni za Shangazi Rukia, dada yako wa tumbo moja. Hizo, Baba, usimpe Hamisi. Zipeleke mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, na sahani mkononi.

Nawapenda, nawaomba radhi.

Mwanenu Mwanaidi,
ambaye ndiye paka